Mvinyo wa Mwaka Aliozaliwa: Namna ya Kuuchagua, Kuufikisha Masieda na Kuufungua

Mtoto aliyeko Oslo au Dar es Salaam anataka kumpa baba yake wa Masieda, kule Mbulu, zawadi ya kutimiza miaka 60. Amesikia kwamba unaweza kununua chupa ya mvinyo wa zabibu zilizovunwa mwaka uleule mzee alipozaliwa. Ni kweli, unaweza, na ni zawadi ya heshima. Chupa ile imekaa duniani muda sawa na mwenye sherehe, na kila anayeketi mezani anaelewa hivyo bila kuelezwa. Lakini hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha zao, kwa sababu hutafuta mwaka kwanza na aina ya mvinyo baadaye. Ushauri wangu ni kinyume chake: anza na aina. Mvinyo ulio mwingi duniani haukutengenezwa ukae miaka 10, sembuse 60. Na kwa chupa itakayopita kwenye joto la pwani, vumbi na mtikisiko wa barabara za Mbulu na Hanang, aina zinazofaa ni za kuhesabu kwa vidole. Ya kwanza ni Madeira, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya kutoa hata senti, ulizia kama mwenyewe anakunywa. Katika ukoo mmoja wa Mbulu utamkuta Mkatoliki anayekunywa, Mlutheri aliyeacha zamani, mlokole asiyetaka chupa iingie kwake, na Mwislamu ambaye kwake jambo lenyewe ni haramu. Ulizia pia dawa anazotumia. Mvinyo wa zamani unaodumu vizuri mara nyingi ni mtamu, una sukari nyingi na pombe kali kuliko mvinyo wa kawaida. Kwa mwenye kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya ini, au anayemeza dawa za kifua kikuu au kifafa, glasi moja inaweza kuleta shida. Muulize mama au dada anayeishi naye, naye amuulize mganga wa zahanati. Kama jibu ni hapana, tafuta zawadi nyingine kwa moyo mweupe. Na kama mwenye sherehe hajafikisha miaka 18, chupa itunzwe mpaka afikishe.

Swali la pili linaonekana dogo, ila kwetu lina uzito: alizaliwa mwaka gani hasa? Wazee wengi wa Mbulu na Hanang walizaliwa nyumbani, na mwaka wao ulikumbukwa kwa matukio: kabla ya Uhuru, wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka wanajeshi walipokwenda Kagera. Baadaye karani akaandika tarakimu kwenye kadi, na tarakimu hiyo ikarithiwa na kila karatasi iliyofuata mpaka kitambulisho cha taifa. Mara nyingi daftari la ubatizo la parokia au usharika lina ukweli zaidi kuliko kitambulisho, hasa kama mtu alibatizwa akiwa mchanga. Mtume mdogo wako akaliangalie. Kama karatasi mbili zinapingana, fuata mwaka ambao mzee mwenyewe huutaja anapoulizwa umri. Sherehe ni yake, na hakuna haja ya kumsahihisha mbele ya wageni.

Kuna pia kalenda ya mizabibu yenyewe. Ulaya zabibu huvunwa Septemba na Oktoba. Afrika Kusini huvunwa kati ya Februari na Aprili. Dodoma, ambako jua halina baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo aliyezaliwa Januari 1966 ni mkubwa kuliko mvinyo wowote wa Ulaya wenye tarakimu hiyo, kwa miezi minane au tisa. Hilo lisikusumbue. Duniani kote watu huangalia mwaka tu, na mwaka ukilingana inatosha.

Nilivyotaja Dodoma, najua wengi watauliza: mbona tusinunue wa kwetu? Ni swali zuri. Mizabibu ya Dodoma ililetwa na wamisionari, leo kuna kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora ambacho kimeipa jina aina nyekundu inayojulikana zaidi huko, na kuna viwanda kama kile cha CETAWICO cha Hombolo. Mvinyo wao mzuri ninaupenda na ninaununua. Lakini karibu wote umetengenezwa unywewe ukiwa mchanga, na hakuna desturi ya kuhifadhi chupa za 1975 au 1985 ili ziuzwe kwa miaka yake. Ukikuta chupa ya zamani ya Dodoma kwenye duka la Babati, imesimama juu ya rafu inayopigwa na jua la saa tisa, jua kwamba umri haukuiongezea kitu. Imeharibika. Wa Dodoma nunua mpya, wa wageni wote kwenye sherehe, na chupa moja ya zamani iwe ya mwenye siku yake. Meza ya namna hiyo inapendeza: wa nyumbani kwa wengi, wa mwaka wake kwa mzee.

Sasa kwa nini mvinyo mmoja huishi miaka 80 na mwingine hufa katika miaka mitatu? Vinavyoulinda ni vinne: uchachu wa asili wa zabibu, ule ukali unaokausha ulimi unaotoka kwenye maganda na mbegu, sukari, na pombe. Mvinyo mwekundu wa kawaida wa dukani una kidogo cha viwili vya kwanza, basi. Mvinyo mtamu ulioongezwa pombe kali wakati wa kutengenezwa una vitatu au vyote vinne, na ndiyo maana huvuka vizazi.

Madeira hutengenezwa katika kisiwa cha Ureno chenye jina hilo, kilichoko baharini magharibi mwa Moroko. Zamani mapipa yake yalipakiwa kwenye majahazi yaliyopita kwenye bahari zenye joto kwenda India na Amerika, na wafanyabiashara wakagundua kwamba mvinyo uliopikwa na joto la tumbo la meli miezi kadhaa ulirudi ukiwa mtamu na mzito kuliko ulivyoondoka. Wakaanza kuupasha moto kwa makusudi. Mpaka leo Madeira bora hulazwa katika mapipa kwenye dari za maghala yenye joto, miaka na miaka, ukikutana na hewa taratibu. Maana yake kwako ni hii: maadui wawili wakubwa wa mvinyo, joto na hewa, Madeira ilishapambana nao ikawashinda kabla haijatiwa kwenye chupa. Chupa ya Madeira ya 1966 inaweza kusafiri kutoka Dar es Salaam mpaka Masieda kwenye buti la gari na bado ikafika salama. Sijui mvinyo mwingine wa zamani ambao ningeuamini hivyo.

Kwenye lebo yake tafuta mojawapo ya maneno mawili. Colheita maana yake zabibu za mwaka mmoja zilizokaa kwenye pipa si chini ya miaka mitano. Frasqueira ni za mwaka mmoja zilizokaa kwenye pipa si chini ya miaka 20, na ndiyo daraja la juu. Utaona pia jina la zabibu: Sercial ni kavu na chachu, Verdelho inafuata, Bual ni tamu, Malmsey ni tamu kuliko zote. Kwa mzee wa Mbulu ambaye hajazoea mvinyo ningechagua Bual au Malmsey. Majina ya watengenezaji wanaoaminika kwa miaka ya zamani ni pamoja na Blandy's, D'Oliveiras, Barbeito na Henriques & Henriques.

Baada ya Madeira ni Porto, nayo ya Ureno, kutoka bonde la mto Douro. Hapa kuna aina mbili ambazo wanunuzi huzichanganya. Porto yenye neno Colheita imezeeka ndani ya pipa miaka saba au zaidi, rangi yake imegeuka kuwa ya kahawia nyekundu, na kwenye lebo ya nyuma huandikwa mwaka ilipotiwa kwenye chupa. Hiyo ndiyo inayokufaa. Porto yenye neno Vintage hukaa kwenye pipa miaka miwili au mitatu tu, kisha huzeekea ndani ya chupa, ikijenga mashapo mazito chini. Ni nzuri sana, lakini inataka mahali pa baridi miaka yake yote na mkono mtulivu wa kuimimina. Tofauti nyingine muhimu: Vintage haitengenezwi kila mwaka, nyumba za Porto huitangaza miaka mizuri tu, ilhali Colheita utaipata kwa miaka mingi zaidi. Kopke, Niepoort na Burmester ni kati ya majina ya kutafuta.

Ya tatu ni Rivesaltes, kutoka kusini mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Hispania. Haijulikani sana, na hiyo ndiyo nafuu yake. Ni mvinyo mtamu ulioongezwa pombe, huuzwa kwa mwaka mmoja mmoja hata wa miaka 50 au 60 nyuma, kwa bei ambayo mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya ile ya Bordeaux wa mwaka huohuo. Kwa mchango wa ndugu wa kawaida, Rivesaltes ndiyo chupa ya kwanza kuulizia bei.

Mvinyo mwekundu mkavu wa Bordeaux, Barolo au Rioja sikuzuii kuununua. Ila uwe na uhakika na vitu viwili: kwamba chupa imelala mahali pa baridi tangu siku ya kwanza, na kwamba anayepewa anapenda mvinyo mkavu wa zamani, ambao hunukia majani makavu, uyoga na ngozi kuliko matunda. Kwa wengi ladha hiyo inashangaza, na si kila mshangao ni furaha.

Ukishachagua aina, ndipo mwaka unapoingia. Nitapita kwenye miaka tunayoikumbuka wenyewe. Waliozaliwa mwaka wa Uhuru, 1961, wana bahati na bei kubwa: mwaka huo Bordeaux ilipata mavuno madogo baada ya baridi kuua maua na ukame kufuata, na kidogo kilichopatikana kikawa kati ya bora wa karne nzima. Wa mwaka wa Muungano, 1964, waangalie Rioja ya Hispania, ambako mwaka huo unahesabiwa miongoni mwa ile mikubwa kabisa. Wa 1966 wana Porto nzuri sana. Wa mwaka wa Azimio la Arusha, 1967, wasihangaike na mvinyo mwekundu wa Bordeaux. Jirani yake mtamu, Sauternes, ndiye aliyeng'ara mwaka huo, na Château d'Yquem wa 1967 husifiwa mpaka leo, ingawa bei yake si ya mchango wa ukoo. Mwaka wa 1970 ulikuwa mzuri Bordeaux na Porto pia.

Waliozaliwa wakati wa Operesheni Vijiji, 1974, wana kazi ngumu, maana Bordeaux ilinyeshewa na mvinyo wake mwekundu ulikuwa mwepesi. Kwao Madeira au Rivesaltes ni jibu. Mwaka 1977, ilipozaliwa CCM na kuvunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, Bordeaux ilikuwa dhaifu lakini nyumba nyingi za Porto zilitangaza Vintage. Mwaka vita vya Kagera vilipoanza, 1978, bonde la Rhône la Ufaransa na Barolo ya Italia zilitoa mvinyo wa kuishi muda mrefu. Mwaka Sokoine alipofariki, 1984, ni mgumu kwa Bordeaux. Mwaka Mwalimu alipong'atuka, 1985, ni mzuri Bordeaux na Porto. Mwaka wa vyama vingi, 1992, Bordeaux ililoa mvua. 1994 na 2000 ni miaka mikubwa ya Porto. Na vijana waliozaliwa 2002, mkoa wa Manyara ulipoanza, wana shampeni ya Ufaransa ya mwaka huo, moja ya nzuri sana, ambayo bado inanyweka.

Ukiona mwaka wako umetajwa kwa ubaya, usivunjike moyo. Mwaka mbaya wa Bordeaux hausemi lolote kuhusu Madeira, kwa sababu hali ya hewa ya kisiwa kile ni nyingine na mvinyo wake hutegemea zaidi pipa na muda.

Sasa chupa yenyewe. Muuzaji akutumie picha ya mbele, ya nyuma na ya shingo, zilizopigwa dhidi ya mwanga. Angalia mvinyo umefika wapi. Kwa chupa ya mabega mapana, mvinyo ukiwa shingoni au juu kabisa ya bega ni salama kwa umri wa miaka 40 na zaidi. Ukishuka katikati ya bega, hewa imeingia, na kwa mvinyo mkavu achana nao. Kizibo kisiwe kimechomoza wala kuzama, na lakiri isiwe na michirizi ya mvinyo uliokauka, ambayo ni alama kwamba chupa ilipata joto ikavuja. Lebo chafu au iliyoliwa kona si tatizo. Tena lebo inayong'aa kama mpya kwenye chupa ya 1961 ndiyo ya kuulizia.

Zipo tarakimu za kupotosha. Mwaka ulioandikwa kwa urembo chini ya jina la kampuni mara nyingi ni mwaka kampuni ilipoanzishwa. Medali ya dhahabu iliyochapwa kwenye lebo ina mwaka wa maonyesho. Na Porto iliyoandikwa miaka 20, 30 au 40 ni mchanganyiko wa miaka mingi wenye tabia ya umri huo, si wa mwaka mmoja. Ni mvinyo mzuri, na kwa mzee ambaye mwaka wake haujulikani kabisa Porto ya miaka 40 ni suluhisho la adabu, lakini usimwambie ni ya mwaka wake. Na wiski ni hadithi nyingine: ikishatiwa kwenye chupa haizeeki tena. Wiski ya miaka 12 iliyokaa kabatini miaka 30 bado ni ya miaka 12.

Wadanganyifu wapo. Mwaka 1985 chupa iliyodaiwa kuwa ya Thomas Jefferson, rais wa Marekani, iliuzwa mnadani London kwa pauni 105,000, na baadaye ukweli wake ukatiliwa shaka nzito mahakamani. Mwaka 2014 Rudy Kurniawan alihukumiwa New York kifungo cha miaka 10 kwa kutengeneza mvinyo bandia jikoni kwake na kuuza kwa matajiri. Wadanganyifu hufuata majina ghali. Hii ni sababu nyingine ya kupenda Rivesaltes na Madeira, ambazo bei yake haimvutii mwizi sana, na nyumba nyingi zinazozitengeneza bado zinauza akiba ya mapipa yao wenyewe. Nunua kwa muuzaji mwenye anwani ya kudumu, anayetoa risiti na anayeweza kueleza chupa ilitoka wapi. Mtu anayetuma picha moja ya giza na namba ya kutumia fedha, mwache.

Kwa kuleta nchini, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mwenye umri wa miaka 18 au zaidi kuingia bila ushuru na mvinyo usiozidi lita mbili. Chupa mbili za kawaida, za mililita 750, ni lita moja na nusu, kwa hiyo ndugu mmoja anaweza kubeba mbili. Zikizidi, azitamke kwa afisa wa TRA na kulipa. Chupa iende kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, imezungushiwa nguo pande zote, ikiwa katikati ya begi, isiguse ukingo. Ukinunua kwa muuzaji wa hapa nchini, angalia stempu ya kielektroniki ya TRA kwenye chupa na uihakiki kwa simu kwa programu ya Hakiki Stempu.

Safari ya mwisho ndiyo yenye kudai uangalifu. Kutoka Arusha utapita Karatu kupanda Mbulu, au utazunguka Babati na kupanda Dareda kuelekea Dongobesh. Njia zote zina vipande vya kutikisa. Usiiweke chupa juu ya basi wala kwenye buti lililo karibu na injini. Ishike miguuni, imesimama, imefungwa kwenye kanga au blanketi. Panda basi la alfajiri, kabla jua halijawaka. Mvinyo wenye mashapo ukitikiswa huchafuka na kuwa mchungu, kwa hiyo ufike Masieda wiki mbili kabla ya sherehe, upate kutulia. Madeira haina haja ya muda wote huo, siku tatu nne zinaitosha.

Wapi pa kuihifadhi? Mvinyo hupenda mahali penye giza na baridi isiyobadilika, nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi zikipatikana. Kinachoua zaidi ni kupanda na kushuka kwa joto kati ya mchana na usiku. Nyumba ya bati yenye dari fupi hufanya hivyohivyo kila siku: saa nane mchana ni tanuri, saa kumi usiku ni baridi kali, hasa Juni na Julai. Tembe la Wairaqw, lililochimbiwa kwenye mteremko na kuezekwa kwa udongo, hufanya kinyume. Ukuta wake wa nyuma ni ardhi yenyewe, na ardhi haina haraka ya kubadilika. Kama kwa babu au kwa jirani bado lipo tembe zima, chupa ilazwe huko, kona ya ndani kabisa, mbali na moshi wa mafiga na mbali na mafuta ya taa, kwa sababu harufu hupita kwenye kizibo. Kama halipo, chimba shimo la kina cha mkono mzima sakafuni mwa stoo, weka ndoo yenye kifuniko, chupa ndani, gunia juu. Mvinyo wenye kizibo ulazwe ili kizibo kisikauke, isipokuwa Madeira, ambayo husimamishwa kwa sababu uchachu na pombe yake hula kizibo.

Siku mbili kabla ya sherehe simamisha chupa ili mashapo yashuke chini. Kizibo cha miaka 50 ni laini na huvunjika. Chomeka kizibuo polepole mpaka karibu kitokeze upande wa pili, kisha vuta bila kukizungusha kwa nguvu. Kikivunjika, usifadhaike: sukuma kilichobaki ndani na uchuje mvinyo kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichosuuzwa kwa maji ya moto bila sabuni. Mimina kwenye jagi la glasi, chupa ikiwa imeinama kidogo na tochi ya simu ikimulika nyuma ya bega lake. Utaona mvinyo ukipita safi, kisha uzi mweusi wa mashapo ukianza kutambaa kuelekea shingoni. Hapo acha. Kilichobaki chini hakinyweki.

Onja kwanza wewe uliyenunua, faraghani. Mvinyo ulioharibika hunukia siki au gazeti lililoloa. Madeira na Porto ya Colheita inayofaa hunukia zabibu kavu, asali iliyoungua kidogo, njugu na kahawa, na ina uchachu unaoamsha mate baada ya kumeza. Kama umeharibika, ni heri mzee asiuone kabisa, aletewe wa Dodoma na keki.

Chupa moja hutoa glasi ndogo 12 hadi 15. Haitoshi ukoo, na haikusudiwi kutosha. Waandalie wageni buura, pombe yetu ya kienyeji, ya kutosha na soda, ili kila mtu awe na kitu mkononi. Glasi ya kwanza apewe mwenye siku yake, ya pili mwenzi wake, kisha wazee wa rika lake. Kama wapo wazee wanaojua slufay, ile dua ndefu ambayo mmoja hutamka na wengine huitikia, waombeni waiseme kabla ya glasi kuinuliwa. Mweleze mzee kwa maneno mafupi na kwa Kiiraqw kama ndiyo lugha ya nyumbani: zabibu hizi zilichumwa mwaka uliozaliwa wewe. Usitaje bei.

Kinachobaki kwenye jagi kirudishwe kwenye chupa iliyooshwa na kufungwa vizuri. Mvinyo mwekundu mkavu wa zamani haumalizi usiku, hivyo unywewe palepale. Porto ya Vintage huvumilia siku mbili tatu, ya Colheita wiki kadhaa. Madeira huvumilia miezi, na mzee anaweza kuwa anajimiminia kidogo kila Jumapili baada ya ibada mpaka Krismasi.

Na kama umesoma yote haya ukiwa na mtoto mchanga mgongoni, una nafasi ambayo aliyezaliwa 1974 hakuipata. Nunua chupa mbili za Porto ya Vintage ya mwaka wake nyumba za Porto zitakapoitangaza, kwa kawaida miaka miwili au mitatu baada ya mavuno. Kama hazikuutangaza mwaka huo, subiri Colheita itoke akiwa darasani. Andika jina lake na tarehe kwenye karatasi, uifunge kwenye shingo kwa uzi, uzilaze chupa zote mbili kwenye tembe la babu. Akitimiza miaka 18 fungueni moja. Ya pili ibaki mpaka harusi yake.